Litungu, Redio na Simu Niliyoinyamazisha



Wapendwa taifa la Mungu, kwa majuma kadhaa sasa nimewaandikia juu ya mambo mengi mazuri: sala za familia, malezi ya vijana, utunzaji wa vyanzo vya maji. Kila juma nilipoketi kuandika, kulikuwa na jambo moja nililolizunguka kama mtu anayekwepa shimo njiani. Juma hili nimeamua kulisema, kwa sababu naona si haki mchungaji kuwafundisha wengine kuungama huku lake akilifunika.

Mzee mmoja wa kigango chetu cha mlimani alifariki dunia siku ya Alhamisi, akazikwa Jumamosi. Jumanne ya juma lile lile aliomba Padri aende kumpa Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa. Katekista aliandika ombi hilo katika kundi la WhatsApp la kigango, ambamo nami nimo. Kisha alipiga simu yangu mara moja, haikupatikana. Nilikuwa Musoma kikaoni. Akaitazama simu yake, akaona alama ya kuonyesha kwamba ujumbe umekwenda, akatulia. Alidhani kwenda ni kufika, na kufika ni kusomwa.

Mimi nilikuwa nimelinyamazisha kundi lile tangu mwezi uliotangulia. Nilichoshwa na picha za maua za kutakiana asubuhi njema, vichekesho, matangazo ya mikopo, na zile sala za kutishana kwamba usipozituma kwa watu kumi utapatwa na balaa. Ujumbe wa Jumanne niliusoma Jumamosi saa mbili usiku, pamoja na ule wa kifo, ule wa michango ya jeneza, na picha za kaburi lililokwisha kufukiwa. Katekista ndiye aliyeongoza maziko, kama Kanisa linavyomruhusu, na aliyaongoza vizuri.

Nilipokwenda kuwapa pole siku iliyofuata, bibi mjane alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, akaniletea uji. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba siku zile mbili marehemu alikuwa akisikiliza pikipiki barabarani. Kila ilipopita pikipiki alisema, "Huyo ni Padri."

Ningeweza kuishia hapo na kuwaomba radhi. Radhi naiomba. Lakini mzee huyu alikuwa mpiga litungu, na miaka sita kabla ya kuinyamazisha simu yangu nilikuwa nimemnyamazisha yeye mwenyewe. Mambo hayo mawili yamekataa kutengana moyoni mwangu, na ndiyo yaliyonifanya nitafakari juu ya muziki, juu ya redio, na juu ya namna watu wa mji mdogo kama wetu wanavyoishi pamoja.

Kwa wasomaji walio mbali na Tarime, nieleze kwamba litungu ni kinubi kikubwa cha Wakuria. Mwili wake ni wa mbao iliyochongwa na kuwambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, yenye kuvuma chini kwa chini, mtu huisikia kifuani kabla hajaisikia masikioni. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, na Wakisii wa ng'ambo ya mpaka wana obokano. Ni ndugu wa nyumba moja. Lakini litungu si chombo cha kuchezea ngoma tu. Wazee hutueleza kwamba kabla ya redio kufika katika milima hii, mpiga litungu ndiye aliyekuwa redio. Alipita kwenye mji wa mtu jioni, akaimba nani ameoa, ng'ombe wa nani wameibwa, nani amerudi kutoka safari, kijana gani amemkosea heshima mzee wake. Aliyesifiwa alitoa zawadi. Aliyeguswa pabaya alijirekebisha, maana hakuna aliyetaka jina lake lirudi tena katika wimbo wa juma lililofuata.

Mzee wetu alifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Alibatizwa akiwa kijana, na wamisionari wa Maryknoll, wale mapadri wa Kimarekani waliofika katika eneo letu la Musoma mwaka 1946. Baada ya Misa za kigangoni alikaa chini ya mti, akapiga, na watu hawakutawanyika upesi. Ukikaa pale nusu saa ulijua nani ni mgonjwa na nani hana chakula.

Nilipopangiwa parokia hii, kigango kilikuwa kimenunua kinanda cha umeme na vipaza sauti viwili kwa mchango wa waamini. Nilifurahi. Sherehe ya msimamizi wa kigango ilipokaribia, mzee alikuja, akavua kofia, akaomba apige litungu wakati wa kupeleka vipaji altareni. Nilimkatalia. Nilimwambia kwamba Kanisa, katika maelekezo yake ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu, linakataza katika ibada vyombo ambavyo kwa maoni ya watu ni vya anasa za kidunia, na kwamba kila mtu Tarime anajua litungu ni la kwenye pombe. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, Padri. Chombo hakina kinywa cha kujitetea." Akavaa kofia yake. Tangu siku ile hakukosa Misa, ila litungu hakulileta tena, hata chini ya mti. Na mimi sikuona kwamba watu sasa walikuwa wakitawanyika mara tu baada ya baraka.

Turudi nyuma kidogo. Nilikulia katika kijiji ambacho miaka ya themanini kilikuwa na redio chache mno. Ile niliyoijua vizuri ilikuwa ya mwalimu mmoja jirani, redio ya betri sita, iliyovishwa kitambaa kilichofumwa na mkewe. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya ungo kama mahindi. Utangazaji ulikuwa umeanza Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 kituo hicho kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa sheria iliyofungua mlango kwa redio za binafsi ilikuja mwaka 1993, sisi watoto wa miaka ile tulijua sauti moja tu, nayo ilikuwa ya wote. Watoto tulikimbilia kipindi cha Mama na Mwana. Vijana walisubiri salamu na muziki wa dansi. Wanaume walisubiri taarifa ya habari, wakaijadili kana kwamba waziri yumo katika baraza lile.

Lakini kulikuwa na wakati ambapo wote tulinyamaza, hata watoto: wakati wa matangazo ya vifo. Ulipigwa muziki wa huzuni, kisha mtangazaji akasoma majina kwa utaratibu: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake fulani, habari ziwafikie fulani popote walipo. Majina mengi yalikuwa ya watu wa Songea, Kigoma au Tanga, watu ambao hatungewaona kamwe. Hata hivyo tulinyamaza. Na siku lilipotajwa jina la mtu wa kwetu, mwenye redio hakungoja kipindi kiishe. Alimtuma mtoto akimbie mlima wa pili kuwaita wahusika. Mimi mwenyewe nilitumwa hivyo mara mbili. Kutoka Dar es Salaam tangazo lilikuja kwa mawimbi ya hewani, lakini mita zake mia tano za mwisho lilikwenda kwa miguu ya mtoto. Hilo sikulielewa wakati ule. Nimelielewa mwaka huu.

Nililiona tena jambo hilo mahali ambapo sikulitegemea. Mwaka 2016 nilitumwa Marekani kwa majuma machache, kuhubiri katika parokia za mashambani na kuomba misaada ya kimisionari, kama mapadri wengi wa kwetu wanavyofanya. Nilipelekwa Jimbo la North Dakota, nchi tambarare ya ngano, yenye miji midogo inayotambulika kwa mbali kwa mnara wa kanisa na ghala refu la nafaka kando ya reli. Padri mwenyeji wangu alikuwa mzee. Siku ya kwanza tulipokuwa tukila chakula cha mchana, redio ya jikoni ilipiga kinanda taratibu, na mtangazaji akaanza kusoma: fulani wa mji fulani amefariki, Misa ya maziko ni siku fulani, saa fulani, kanisa fulani. Padri alishusha uma wake, akasikiliza majina yote, kisha akaandika moja kwenye karatasi. Machozi yalinilengalenga. Nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia kukutana na redio ya mwalimu.

Baada ya matangazo ya vifo kilifuata kipindi ambacho wasikilizaji wanapiga simu wakiwa na vitu vya kuuza au kubadilishana: mmoja ana ndama, mwingine ana jiko kuukuu, wa tatu amepoteza mbwa. Padri alinieleza kwamba wazazi wake walipokuwa wadogo, watu wa mashambani walikusanyika Jumamosi usiku kwa jirani mwenye redio ili kusikiliza muziki wa fidla na banjo kutoka miji ya mbali. Nashville, kwa mfano, ilianza kurusha muziki wa namna hiyo mwaka 1925, na kipindi chake hicho kinaendelea hata leo. Wakulima hao walikuwa wametengana kwa maili nyingi za mashamba, lakini usiku mmoja kwa juma walicheka pamoja na kulia pamoja.

Ndipo aliponisimulia habari ya Minot, mji wa jimbo lile lile. Usiku wa manane tarehe 18 Januari 2002, treni ya mizigo iliacha reli kandokando ya mji huo. Matangi yalipasuka, na wingu la amonia likatambaa juu ya nyumba za watu waliolala. Mtu mmoja alifariki na mamia walidhurika. Wananchi waliwasha redio zao wapate kujua wakimbie au wajifungie ndani, na kwa muda mrefu hawakupata tangazo, muziki uliendelea. Vituo vingi vya mji ule vilikuwa mali ya kampuni moja, na saa zile za usiku vilijiendesha kwa mitambo. Wakuu wa mji walisema walipiga simu wasipate mtu. Kampuni ikasema ni vifaa vya polisi vya kutolea tahadhari ndivyo havikuwa tayari. Mabishano hayo si yangu kuyaamua. Padri yule alisema neno moja tu: "Sauti ilikuwapo. Mtu hakuwapo." Niliitikia kwa kichwa, nikiwaonea huruma Wamarekani. Sikujua kwamba neno lile litanifuata mpaka Tarime.

Msidhani kwamba naisifu redio kana kwamba ni kitu chema kwa chenyewe. Sisi wa Maziwa Makuu hatuna ruhusa ya kusahau Rwanda. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilikuwa na watangazaji hodari, muziki wa kupendeza na majina ya watu, lakini majina yale yalisomwa ili watu watafutwe na kuuawa. Waanzilishi wake wawili walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa hapa kwetu Arusha, mwezi Desemba 2003. Nasi wa Tarime tunajua, kutokana na mapigano yetu ya koo, kwamba wimbo unaweza kumtuliza kijana na unaweza pia kumpa mshale. Kwa hiyo haitoshi kuwa na mtu nyuma ya sauti. Lazima mtu huyo awe amekwisha kuwasikiliza, kwanza, wale anaosema nao.

Jioni moja padri yule alinipigia santuri ya mwimbaji wa zamani wa kwao aitwaye Jimmie Rodgers. Huyu alitokea Meridian, mji wa reli katika Jimbo la Mississippi. Alifanya kazi kwenye treni mpaka kifua kikuu kilipomwondoa kazini. Mwezi Agosti 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Bristol, ambao barabara yake kuu ndiyo mpaka: upande huu ni Tennessee, upande ule ni Virginia. Niliposikia hivyo nilicheka, nikamweleza juu ya Sirari na Isebania, ambako unaweza kunywa chai Tanzania na kununua maandazi Kenya. Rodgers aliimba kwa miaka sita tu. Mwezi Mei 1933, akiwa mahututi, alikwenda New York kurekodi nyimbo za mwisho, akilala kwenye kitanda kidogo kati ya wimbo na wimbo. Alifariki siku chache baadaye, akiwa na umri wa miaka 35, na treni ikamrudisha kwao.

Niliporudi nyumbani, padri mmoja rafiki yangu kutoka Kenya alinieleza sehemu ya hadithi ambayo mwenyeji wangu hakuisema. Santuri za Rodgers zilivuka bahari. Zikafika kwa gramafoni mpaka nchi ya Wakipsigis, huko Kericho. Ukivuka Sirari, ukapita Migori, Kisii na Sotik, hufiki mbali kabla ya kuiona Kapkatet. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki aitwaye Hugh Tracey alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi, akakuta wasichana wakiimba kwa kinubi juu ya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu mnyama, wakimkaribisha aje kucheza nao. Jina lake lilikuwa Chemirocha. Ni jina la Jimmie Rodgers, lililotamkwa kwa ulimi wa Kikipsigis.

Baadhi ya wanaosimulia habari hii huicheka: tazama wasichana wa kijijini walivyodhani! Mimi siicheki tena. Wasichana wale hawakujua kilichoandikwa juu ya santuri ile, wala hawakujua Mississippi iko wapi. Lakini walisikia katika sauti ya mgeni aliyekwisha kufa kitu kilichostahili kujibiwa. Wakampa jina la kwao, wakampa kinubi cha kwao, wakampa nafasi katika mchezo wao. Zaidi ya miaka sitini baadaye, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini ilirudisha nakala za nyimbo zile Kapkatet, wapate kuzisikia wenyewe na wajukuu wao.

Wao walimpokea mfu wa ng'ambo ya bahari. Mimi nilimkataa mzee wa kigango changu, aliyekuwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi.

Baada ya maziko nilirudi kwenye vitabu vyangu. Tarehe 4 Desemba 1963 Papa Paulo wa Sita alitangaza hati mbili za kwanza za Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, zote siku moja. Moja ni juu ya liturujia. Ya pili ni juu ya vyombo vya upashanaji habari, yaani magazeti, sinema, redio na televisheni. Seminarini tulisoma ya kwanza kwa muhula mzima na ya pili kwa vipindi viwili, na sikumbuki kama kuna aliyetuuliza kwa nini ziliandamana. Hati ya liturujia inasema wazi kwamba zipo nchi, hasa za kimisionari, ambazo watu wake wana mapokeo yao ya muziki yenye nafasi kubwa katika dini na maisha yao, na kwamba muziki huo upewe heshima inayostahili. Mwaka ule ule, Padri Mtanzania Stephan Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alikuwa amekwisha kuzikaribisha ngoma za Wasukuma katika ibada. Hawa hawakuwa waasi. Walikuwa mapadri watiifu.

Nilifungua pia yale maelekezo ya mwaka 1967 niliyomtajia mzee. Ile sentensi niliyoitumia imo. Lakini hapo hapo, kabla yake, kuna nyingine inayosema kwamba katika kuruhusu na kutumia vyombo, utamaduni na mapokeo ya kila taifa yazingatiwe. Nilimsomea mzee nusu ya aya. Hakuwa na kitabu cha kuniuliza nusu ya pili.

Sikusema kwamba litungu lingestahili moja kwa moja kuingia katika Misa. Hilo lina utaratibu wake, na mwenye mamlaka ni Baba Askofu. Ninachokiri ni kwamba sikuuliza. Sikumwomba mzee apige nisikilize. Nilikuwa nimemhukumu mtu na chombo chake kwa kelele za mahali pengine, kama nilivyolihukumu kundi la WhatsApp kwa picha za maua. Katika mambo yote mawili nilikuwa na sababu nzuri, na katika mambo yote mawili kulikuwa na mtu ndani.

Siku ya Misa ya arobaini kanisa la kigango lilijaa mpaka nje. Kabla ya siku hiyo nilimwendea mjukuu wa marehemu, kijana wa miaka ishirini na kitu anayefanya kazi ya bodaboda mjini. Nilimweleza niliyowaeleza ninyi. Nilimwomba, kama familia inaridhia, apige litungu la babu yake kaburini baada ya Misa. Hakunijibu papo hapo. Alisema kwanza atamwuliza bibi. Siku ya tatu alinipigia simu, na simu nilikuwa nimeiacha wazi. Alisema, "Bibi amekubali, Padri. Ila anasema na wewe ukae chini, usiwe umesimama."

Nilikaa chini, kwenye majani, pamoja na wazee. Kijana hajui kupiga kama babu yake, alikosea, akarudia. Aliimba kwa Kikuria majina ya watu wa mji ule, akapita kwa jirani mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wa ukoo ambao miaka ya nyuma tulizikana kwa sababu yao na wao kwa sababu yetu. Kila aliyetajwa aliitikia. Alipofika kwenye jina langu alitulia kidogo, watu wakacheka, nami nikaitikia. Hakusema nililokosea. Alinitaja tu, kama mtu wa pale. Watu hawakutawanyika mpaka jua lilipozama, na kabla hatujaachana nilikuwa nimejulishwa juu ya wagonjwa watatu ambao orodha yangu haikuwa nao.

Wapendwa, Halmashauri ya Walei imekutana, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Mosi, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itamchagua mtu mmoja, ikiwezekana kijana, ambaye kazi yake ni kupeleka habari za wagonjwa na misiba kwa miguu au kwa sauti, mpaka apate jibu kutoka kinywani mwa mtu. Ujumbe wa simu uendelee, lakini usihesabiwe kuwa umefika mpaka mtu ameujibu. Pili, namba yangu ya wagonjwa itakuwa moja, isiyonyamazishwa usiku wala mchana, na nikisafiri nitamwachia simu hiyo padri mwenzangu. Tatu, vijana wa VIWAWA watapita kwa wazee wanaojua kupiga na kuimba, wawarekodi kwa simu zao kwa ruhusa ya wenyewe, na nakala ya kwanza ibaki kwa mzee aliyeimba. Nne, suala la litungu katika ibada nimempelekea Baba Askofu kwa maandishi, pamoja na maungamo ya kosa langu la kutokuuliza mapema. Tutangoja kwa utii.

Siwaombi mvitupe vipaza sauti. Kinanda chetu kinaimba vizuri, na wanakwaya wamejitoa sana. Radio Maria, iliyoanza Songea mwaka 1996, inawafikia wagonjwa wengi ambao mimi siwafikii. Nawaomba jambo dogo zaidi. Jioni ya leo, kabla ya kulala, fikirini ni nani katika jumuiya yenu ambaye zamani mlimsikia na sasa hamumsikii. Pengine hakuhama. Pengine kuna siku alikuja na kofia mkononi. Mwendeeni, kaeni chini, mwacheni aanze yeye.

Mniombee nami. Bado kila pikipiki ipitayo usiku barabarani hapa parokiani naisikia.

Tuonane juma lijalo, Mungu akitujalia.

Wenu katika Kristo,
Paroko